Mradi wetu wa sabuni utaishi vipi tukishahitimu?

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa timu ya wanafunzi 14 chuoni kwetu. Tumeshinda ruzuku ndogo kwenye shindano la ubunifu, na tumeahidi kuwafundisha akina mama 40 wa mtaa wa kipato cha chini kutengeneza sabuni za vipande na kuziuza. Muda wetu ni miezi tisa. Waliotutangulia walifanya mradi unaofanana na huu, ukafa walipohitimu. Tufanye nini ili wa kwetu uendelee bila sisi?

Jibu: Nendeni kwa hao waliowatangulia mkawaulize swali moja: walipohitimu, waliondoka na nini? Mara nyingi mtakuta waliondoka na vitu vitatu bila kujua. Mweka hazina wa timu ndiye aliyekuwa akinunua mafuta na kostiki soda (kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), kwa hiyo fedha na wauza malighafi aliwajua yeye. Mwanafunzi wa masoko ndiye aliyekuwa na namba za wenye maduka. Mwanafunzi wa kemia ndiye aliyepiga hesabu ya vipimo. Akina mama walikoroga, wakakata, wakafungasha. Wale watatu walipovaa majoho biashara ikaondoka nao, zikabaki sufuria.

Kwa hiyo fedha, mteja na kipimo lazima vihame mikononi mwenu kabla ya miezi tisa kwisha, kimoja kimoja. Ila kuna jambo linalotangulia: je, biashara yenyewe inastahili kukabidhiwa? Mama akipewa biashara inayomlipa kidogo kuliko kibarua alichokuwa nacho, ataiacha, na atakuwa ameamua sawasawa.

Tupige hesabu. Bei ya kipande kimoja tuiite 100, ninyi mtaweka fedha zenu halisi. Malighafi zimekula 55, karatasi na lebo 5, usafiri 8, mwenye duka anabakiza 20. Inabaki 12. Mkitengeneza vipande 160 kwa wiki, kikundi kinapata 1,920. Mkiwagawia akina mama 40, kila mmoja anapata 48 kwa wiki nzima, yaani haifiki hata nusu ya bei ya kipande kimoja cha sabuni. Hapo ndipo mahudhurio yanapoanza kupungua wiki ya tatu, nanyi mnaanza kuandika kwenye ripoti kwamba "mwitikio wa jamii ulikuwa mdogo".

Punguzeni idadi iwe 10. Kila mmoja sasa anapata 192. Bado ni kidogo, kwa sababu watu 10 wakikoroga saa tatu na kila mmoja akitumia saa mbili kufungasha na kuuza, hizo ni saa 50, na kila saa imelipwa 38. Sasa angalieni kazi yenyewe inataka nini. Mkupuo wa vipande 160 hauhitaji watu 10 kuzunguka sufuria. Watatu wanaumaliza kwa saa nne, kutoka kupima hadi kumimina. Kukata na kufungasha kunataka saa nane nyingine. Waliobaki wauze moja kwa moja kwa mtumiaji, kwa mafungu ya vipande vitatu, kwenye shule, zahanati, nyumba za wageni na saluni, ile 20 ya duka ibaki kwenye kikundi. Faida kwa kipande inapanda kutoka 12 hadi 32, jumla 5,120. Mauzo yakichukua saa 20, saa zote ni 40, na saa moja inalipa 128. Sabuni ni ileile na wanawake ni walewale, lakini malipo ya saa yamezidi mara tatu.

Namba hiyo, malipo ya saa moja ya kazi, ndiyo niitakayo kila mwezi kwenye daftari lenu. Ilinganisheni na anachopata mwanachama kwa saa anapofua nguo za watu au kuuza barabarani. Ikiwa chini baada ya mwezi wa nne, badilisheni bidhaa au njia ya kuuza. Kuongeza mafunzo hakutasaidia.

Niseme ukweli kuhusu sabuni: timu nyingi za wanafunzi huichagua kwa sababu kemia yake inafundishika na inapendeza kwenye picha. Kiwanda kinanunua mafuta kwa matangi na kitawashinda kwa bei siku zote. Ninyi mna nafasi pale tu mnapokuwa na sababu: mafuta yanakamuliwa hapohapo kwa bei ya chini, au kuna mteja anayetaka kitu ambacho kiwanda hakimpi, kama kipande kidogo cha nyumba ya wageni au sabuni isiyo na manukato. Kama sababu hiyo hamna, rudini nyuma mkaulize fedha za watu hawa zinavujia wapi.

Mfano maarufu ulianzia chuoni pia. Mwaka 1976, karibu na Chuo Kikuu cha Chittagong, Bangladesh, Muhammad Yunus, aliyekuwa akifundisha uchumi, alikutana na wanawake wa kijiji cha Jobra waliokuwa wakisuka vigoda vya mianzi. Ufundi walikuwa nao tayari. Tatizo lilikuwa kwamba fedha za kununulia mianzi walizikopa kwa mfanyabiashara ambaye pia ndiye aliyekuwa mnunuzi wao, kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Ilitengenezwa orodha ya wenye madeni ya namna hiyo: watu 42, na deni lao lote halikuzidi dola 27. Kutoka hapo ikazaliwa Benki ya Grameen, inayowapa maskini mikopo midogo. Timu ambayo ingefika Jobra na mpango wa "mafunzo ya ususi" ingetumia fedha zote bila kuligusa tatizo. Nanyi tengenezeni orodha yenu kabla ya kununua hata glovu.

Orodha hiyo haitokani na dodoso la maoni. Ukimuuliza mtu "ungenunua sabuni yetu?" atakuambia ndiyo, kwa sababu wewe ni mgeni na hataki kukuvunja moyo. Muulize alichofanya: mara ya mwisho ulinunua sabuni lini, wapi, ya uzito gani, ulilipa kiasi gani, ilidumu siku ngapi? Wiki iliyopita fedha iliingia siku zipi, na ilitoka kwenda wapi? Kaya 20 au 25 zinatosha. Kisha wauzieni watu wasiowafahamu vipande 50 vya majaribio, mrudi baada ya wiki mbili mhesabu wangapi wanaulizia tena. Mauzo kwa wahadhiri, wazazi na wanafunzi wenzenu yaandikwe ukurasa wake. Hilo ni soko la huruma, linafungwa siku mnayohitimu.

Sasa mtego wa fedha ambao bajeti za mashindano haziuonyeshi. Sabuni ya kipande iliyotengenezwa bila kupikwa hukaa wiki nne hadi sita ikikomaa na kupoteza maji. Tuseme tano. Duka likichukua kwa mali kauli na kulipa baada ya wiki mbili, fedha ya mkupuo wa kwanza inarudi wiki ya saba. Wakati huo wote mnaendelea kutengeneza. Malighafi na karatasi ni 60 kwa kipande, mara 160, mara wiki 7: mmelaza 67,200 kabla mauzo hayajaingiza kitu. Kama ruzuku ni 100,000 na mmenunua mashine ya kukatia na kugonga nembo kwa 50,000, mtakwama mwisho wa wiki ya tano mkiwa na rafu zimejaa sabuni na mfuko mtupu. Msinunue mashine mwaka wa kwanza. Waya uliokazwa kwenye fremu ya mbao unakata vizuri tu, na ukikatika fundi yeyote anaweka mwingine.

Njia za kupunguza msongo huo ni tatu. Mnaweza kupika sabuni: mchanganyiko ukikaa kwenye moto mdogo hadi kostiki iishe kazi, kipande kinauzika baada ya wiki moja au mbili za kukauka, ingawa mnalipia kuni au gesi na sura yake ni ya mabonge kidogo. Mnaweza kukataa mali kauli miezi mitatu ya kwanza. Na, ili wanachama wasisubiri wiki zote hizo mikono mitupu, mnaweza kumlipa kila mmoja kiasi kidogo kwa kila siku ya uzalishaji, kikaandikwa kama gharama ya sabuni, si kama posho ya semina. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Posho ikizoeleka, watu huja kwa ajili ya posho, na ruzuku ikiisha wanaondoka nayo. Malipo yaliyo ndani ya bei ya kipande yanaendelea kadiri sabuni inavyouzwa.

Tuje kwenye kipimo, kwa sababu hapa ndipo makabidhiano mengi hushindwa kimyakimya. Kwa kilo moja ya mafuta, gramu 700 za mawese na 300 za nazi, hesabu inakwenda hivi. Gramu moja ya mawese hutaka takriban gramu 0.141 za kostiki soda, na ya nazi takriban 0.183. Mawese yanachukua 98.7, nazi 54.9, jumla 153.6. Mnapunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka na ngozi isiumie: gramu 146. Maji ni mara mbili ya uzito wa kostiki, gramu 292. Kilo 14 za mafuta kwa vipimo hivyo zinatoa takriban vipande 160 vya gramu 120 vikiwa vibichi.

Sasa mnahitimu, na mwezi mmoja baadaye nazi inapanda bei. Akina mama wanafanya jambo la busara kabisa: wanatumia mawese matupu, kilo nzima, na kostiki ileile gramu 146. Lakini mawese matupu hayawezi kumeza zaidi ya gramu 141. Gramu tano zilizobaki hazina mafuta ya kugeuza, ziko ndani ya kipande zikisubiri mikono ya mteja. Wiki ya sita malalamiko ya ngozi kuwasha yanaanza, na hakuna anayejua kwa nini, maana "kipimo hatukubadilisha". Wakikosea upande wa pili, nusu nazi na nusu mawese, kwa kostiki hiyohiyo, mafuta yasiyogeuka yanafika asilimia 10. Sabuni inakuwa laini, inateleza na kuisha haraka.

Kwa hiyo msiwaachie kipimo kimoja. Waachieni kadi tatu zilizolaminetiwa, kila kadi ni mkupuo mmoja kamili: ya mawese na nazi, ya mawese matupu (gramu 134 za kostiki kwa kilo), na ya nusu kwa nusu (gramu 154). Kila kadi iwe na picha ya madumu ya mafuta husika ili hata asiyesoma aitambue. Kisha wafundisheni angalau wawili kuipiga ile hesabu wenyewe kwa kikokotoo cha simu. Sipendekezi kupima kostiki kwa kikombe: chembe hazilingani ukubwa, na kopo likiachwa wazi kostiki hunyonya unyevu na hewa, ikawa nzito lakini dhaifu. Nunueni mizani mbili zinazosoma gramu moja. Mbili, kwa sababu mizani moja ikiharibika ndipo vikombe vinapoanza.

Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi, ila hakuna la kuruka. Kostiki ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, polepole, nje kwenye hewa. Maji yakimiminwa juu ya kostiki hulipuka usoni. Joto lake linaweza kupita nyuzi 80. Miwani ya kinga, glovu ndefu za mpira na viatu vya kufunika ni lazima kwa kila aliye karibu, pamoja na mgeni aliyekuja kupiga picha. Sufuria za alumini zikae mbali kabisa, kostiki huzila na kutoa gesi inayowaka. Tumieni chuma cha pua au ndoo nene za plastiki zinazostahimili joto. Ikimrukia mtu, ni maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, bila siki wala limau, na ikiingia jichoni au kinywani apelekwe hospitali. Na kamwe, hata kwa dakika tano, kostiki iliyoyeyushwa isitiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Watoto huwa wapo, nao huona maji. Sanduku lenye kufuli ndilo liwe la kwanza kwenye orodha ya manunuzi.

Uzito nao una kesi yake. Kipande kilichokatwa gramu 105 na kuandikwa "gramu 100" kitakuwa kimeshuka chini ya 95 kikishakomaa, na ofisi ya vipimo haitasikiliza habari za uvukizi. Kateni 120. Kabla ya kuuza, pimeni ukali wa sabuni kwa karatasi ya pH: 9 hadi 10 ni sawa, na ikipita 11 mkupuo wote usitoke stoo.

Fedha ihame mapema kuliko mnavyodhani, mwezi wa tatu. Akaunti iwe ya kikundi, watia saini watatu, wawili watoshe kutoa, na asiwepo mwanafunzi hata mmoja. Mlezi wenu chuoni huenda akaogopa. Mwonyesheni kwamba ruzuku haiingii yote: mnahamisha ya mikupuo miwili, daftari likisomeka vizuri mnahamisha ya miwili mingine. Kwa fedha taslimu za kila wiki, tumieni utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na kila kuhesabu kufanyike mbele ya kikao chote. Fedha zikipotea chini ya utaratibu huo, angalau kila mtu anajua zilikuwa ngapi jana. Mgao wa faida ufuate saa za kazi zilizoandikwa. Mgao sawa kwa wote unasikika vizuri kwenye kikao cha kwanza, na kufikia kikao cha tano umeshawafukuza wachapakazi.

Kuwapata hao 10, kikundi ambacho tayari kinakutana kwa jambo lingine ni bora kuliko orodha mpya. Orodha ya kiongozi wa mtaa huja na shangazi zake. Si dhambi, ila mjue.

Upande wenu, wanafunzi 14 wakitua mtaani kwa pamoja hakuna mama atakayeshika mwiko. Waende wanne tu kwa zamu. Wengine washughulikie vibali vya ubora, bei za malighafi na hesabu. Kila nafasi iwe na msaidizi wa mwaka wa chini kuanzia mwezi wa pili, ili kijiti kisiangukie wiki ya mahafali.

Ratiba ya chuo, ambayo timu nyingi huilalamikia, ndiyo kipimo chenu bora. Kipindi cha kwanza cha mitihani, msikanyage mtaani wiki mbili. Simu mpokee, lakini kila simu iandikwe: tarehe, nani, ameuliza nini. "Dumu la mafuta linauzwa wapi?" maana yake muuza malighafi hajahama. "Yule wa nyumba ya wageni hajalipa, mpigieni" maana yake mteja bado ni wenu. "Sabuni imetoa ungaunga mweupe juu, tuitupe?" maana yake kipimo hakijahama: mara nyingi huo ni majivu ya soda tu, yaani kostiki iliyokutana na hewa, unafutika kwa kitambaa chenye maji, na ingepaswa kuwa nyuma ya kadi. Mnaporudi, orodha hiyo ya simu ndiyo mtaala wa mwezi unaofuata. Likizo ndefu rudieni, safari hii bila kupokea simu za biashara kabisa.

Limebaki lile la ahadi ya akina mama 40. Mashindano, hata mitandao mikubwa ya wanafunzi kama Enactus, hupenda kuona athari kwa namba, na idadi ya "waliofikiwa" ndiyo rahisi kuikuza. Msisubiri ripoti ya mwisho. Mwandikieni mfadhili wiki hii kwamba mnaanza na 10, ambatanisheni hesabu ya ile 48 kwa wiki, na taja sharti la kuongeza wengine watano: malipo ya saa yawe yamepita ya kibarua cha kawaida kwa miezi miwili mfululizo. Nao akina mama 30 wanaobaki waambieni ana kwa ana, kabla hawajaanza kuacha vibarua vyao kwa ajili yenu.